Nukta za Bibi Kabula

Leticia alikunja mkono wa blauzi yake nyeusi hadi juu ya kiwiko, akauweka mkono mezani kama mtu anayekwenda kutolewa damu, akasema, "Perusi mdogo wangu, nichoree ile ya Bibi." Tulikuwa Nyakato, kwenye nyumba ya mama yake, siku ya tatu baada ya kumzika mama yake huyo. Nje vijana walikuwa wanashusha turubai na wanawake wanasugua masufuria ya msiba kwa mchanga. Chumba tulichokaa zamani kilikuwa saluni na mimi nilikuwa nafanya kazi humo. Sasa kimejaa magunia ya mpunga na kiti kimoja cha magurudumu. Leticia aliniambia amempata kijana mjini, Nyamagana, anayechora tatuu kwa mashine, na kwamba kijana huyo hachori maua wala simba, anachora kwa nukta, nukta moja baada ya nyingine mpaka picha inatokea. Lakini alitaka mchoro wa kufuatisha. "Mimi nakumbuka ilikuwa ya nukta, basi," Leticia alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unamwogesha. Wengine wote walioijua vizuri wamekufa." Akanipa kalamu ya wino.

Niliishika ile kalamu nikakaa nayo. Sikuwa nimesahau. Ningeweza kuichora nimefumba macho, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu. Siku ya kuuandaa mwili wa mama yake, mimi nilikuwa mmoja wa wanawake waliomwosha pale hospitali, na niliona juu ya mwili ule kitu ambacho Leticia hakijui, kwa sababu yeye alikuwa bado yuko njiani kutoka Arusha. Kwetu mwosha maiti hasemi alichokiona. Anafunga shuka na kinywa chake kwa pamoja. Sasa mwenye mama ananiomba nichore kitu, na kitu chenyewe kinagusana na kile nilichokiona, na mimi sijui kama kuchora ni kusema. Mpaka leo sijui vizuri. Leticia amesema niandike, ila majina nibadilishe, na nimebadilisha yote, hata langu. Darasa la saba ndio mwisho wangu, kwa hiyo atakayeona nimerudia neno anisamehe.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka kwetu kando ya ziwa kuja kutafuta kazi Mwanza. Ya kwetu nayaacha. Saluni ilikuwa ya Mama Shani, mwanamke mnene mcheshi wa Tabora, aliyekuwa amepanga chumba cha mbele kwenye nyumba ya Mama Leticia. Malori ya viwandani yalipita mbele ya mlango na vumbi likaingia mpaka ndani ya vikopo vya mafuta. Ukiingia ulipokewa na harufu ya dawa ya nywele na ya hina iliyokandwa kwa ndimu na chai ya rangi nzito, harufu kama majani yaliyolowa siku nyingi. Nyuma ya saluni kulikuwa na korido nyembamba, kisha chumba cha Bibi Kabula, mama mzazi wa Mama Leticia, aliyeletwa kutoka Magu miguu ilipoanza kumkataa. Mimi nililala kwenye godoro chini, kando ya kitanda chake, na badala ya kodi nilimwogesha na kumtolea nje kiti chake asubuhi. Tulikula pamoja. Asubuhi michembe, yaani viazi vitamu vikavu, iliyochemshwa na kuchanganywa na karanga, kutoka kwenye gunia alilokuwa analetewa toka Magu na ambalo alililinda kama benki. Mchana ugali wa udaga, ule wa muhogo mkavu, na dagaa. Jumapili Mama Leticia alituletea sahani ya sangara wa nazi yeye mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka tumalize. Lazima niseme haki: alikuwa mkali, lakini nilipougua malaria mwaka ule ni yeye aliyeninywesha uji kwa kijiko. Huwa nikitaka kumlaumu, kile kijiko kinanijia.

Mama Shani alinifundisha hina. Alichora maua yanayotambaa kutoka kwenye kidole mpaka kwenye kiwiko bila kunyanyua mkono, anaongea na mteja huku anacheka. Mimi nilishindwa. Koni ya nailoni ilitetemeka mkononi, mstari ukakatika, jani likawa kama sikio. "Mkono wako huu wa kupanda mahindi," aliniambia mbele ya wateja. "Unadondosha mbegu, huchori." Basi nikawa nadondosha kweli. Nilipogundua kwamba nukta haitaki mkono wenye mwendo, inataka tu uguse na uondoke, nilianza kupanga nukta kufuata mifupa ya vidole. Mama Shani aliangalia, akakunja pua. "Ndui hiyo. Nani atakwenda kuolewa na ndui?" Lakini mteja mmoja, msichana wa kiwandani, akasema yeye anaitaka hiyo hiyo ya ndui, na wiki iliyofuata akaleta wenzake. Mama Shani hakuwa mtu wa kiburi kwenye biashara. Alianza kuniita "fundi wa ndui", na akanipa kibao changu mwenyewe cha kukalia.

Mpangilio wa nukta sikuutoa kichwani. Nilipomwogesha Bibi Kabula mara ya kwanza, kwenye beseni pale chumbani, aliachia kanga bila aibu yoyote na nikaona tumbo lake. Ngozi ilikuwa imelegea lakini zile nukta zilikuwa zimesimama, ngumu, kila moja kama punje ya mtama chini ya ngozi. Chale za zamani. Safu mbili zilipanda kutoka kitovuni, zikafunguka chini ya matiti kama pembe za ng'ombe, moja kulia na moja kushoto, na katikati ya pembe kulikuwa na fungu dogo la nukta zilizokaribiana. Nilisimamisha kitambaa cha kuogeshea. "Shika, shika, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "haziumi tena." Akanishika mkono akaupitisha juu yake. Nilimuuliza zilikuwa za nini. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanaume akizima taa atasoma wapi?"

Ningeishia hapo ningekuwa na jibu, na ningeandika ukurasa huu bila tabu. Lakini siku nyingine, nilipomuuliza tena, aliniambia watoto wake wawili wa kwanza walikufa, na zile za katikati alichanjwa ili wa tatu abaki. Wa tatu ndiye Mama Leticia. Alisema akiwa ametulia kabisa, anamenya karanga. Na siku nyingine akasema hapana, walikwenda tu kundi la wasichana wakati wa palizi ya pamba, mmoja alifanyiwa, wote wakataka, mama mmoja mwenye wembe na mwiba akawashughulikia mpaka jioni, na mwoga wao alikimbilia mtoni. "Sasa ipi ni kweli, Bibi?" Alinitazama kama nimemuuliza jua lina miguu mingapi. "Zote zangu," alisema. Mama Shani nilipomhadithia akasema nakshi ni nakshi, nisimuumize kichwa. Mama Leticia sikuthubutu kumuuliza, ila siku moja alitukuta mlangoni, mama yake amefunua tumbo anamwonyesha muuza maziwa, akamfunika haraka na kanga yake mwenyewe. "Mambo ya giza hayo, Perusi. Usimchekee." Alikuwa mzee wa kanisa. Sikujua nimwamini nani, na kila niliyekuwa naye kwa saa ile ndiye niliyemwamini.

Leticia alikuwa amechumbiwa mwaka huo, na nyumba nzima ilikuwa inaelekea kwenye send-off yake, sherehe ya kumuaga. Ukuta kati ya chumba chetu na sebule ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo kikao cha mchango tulikisikia chote, mimi na Bibi, huku tunatafuna michembe. Siku moja wageni walipoondoka tukamsikia Leticia: "Na Bibi atakaa meza gani?"

"Bibi atachoka," Mama Leticia alisema. "Atabaki nyumbani na Perusi."

"Mama, ni send-off yangu."

"Na unataka afunue tumbo mbele ya wakwe? Mbele ya mchungaji? Unamjua bibi yako. Hawezi kukaa nusu saa hajamwonyesha mtu."

"Akifunua, akifunua!"

"Wewe hujui watu wanasema nini wakiona vile vitu. Mimi najua."

Nilimtazama Bibi. Aliendelea kutafuna. Sikujua kama amesikia, maana sikio moja lilikuwa bovu, na sikujua lile zima lilikuwa upande gani siku hiyo. Baadaye kidogo alisema, si kwangu, kwa gunia nadhani, "Nitavaa kanga ile ya zambarau." Hapo nikajua hajasikia. Au amesikia. Nimeufikiria usemi huo miaka mingi.

Kesho yake Leticia alikuja saluni akafunga mlango. "Perusi, Bibi haendi. Basi mchoro wake utakwenda. Niwekee mikononi, kama ulivyo, usipunguze." Mama Shani alisema kwanza aombe ruhusa. Leticia akaenda akamwambia mama yake anataka hina, nukta kidogo tu, na mama yake, aliyekuwa anahesabu viti vya kukodi, akasema kama ni kidogo sawa. Tukafanya siku moja kabla ya sherehe, mchana. Nilianzia kwenye kifundo cha mkono, safu mbili zikapanda nyuma ya kiganja, zikafunguka kama pembe kuelekea vidole vya pembeni, katikati nikaweka fungu. Bibi Kabula alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amejifunga ile kanga ya zambarau, anaangalia. Mahali fulani nilikosea na yeye akaguna, akaonyesha kwa kidevu, nikafuta nikarudia. Hina ilikauka. Tukaikwangua kwa mgongo wa kisu, tukapaka mafuta, na chini yake kukatokea rangi hafifu ya machungwa, kama ilivyo kawaida.

Ndipo Mama Leticia alipoingia. Aliishika mikono ya binti yake, yote miwili, akaiangalia muda mrefu. Mwisho akasema, "Kama karoti. Haidhuru, mpaka kesho itakuwa imefifia." Akatoka. Mama Shani akanitazama, nami nikamtazama. Kila anayejua hina anajua kwamba siku ya kwanza ni ya kudanganya. Rangi inapanda usiku na kesho yake ndiyo inasimama, nyekundu ya damu ya mzee, karibu nyeusi. Lakini Mama Leticia hakuwahi kupaka hina maisha yake yote. Mama Shani alidhani nitamweleza mimi, mtu wa humo ndani. Mimi nilidhani mwanamke wa umri ule hawezi kukosa kujua, na kwamba ule msemo wa karoti ni namna yake ya kukubali. Hakuna aliyemweleza. Leticia alilala amefunga mikono kwa vitambaa.

Ukumbini siku ya pili nilikuwa upande wa jikoni, nabeba sahani. Nilimwona Leticia akiingia, glovu hana, mikono mbele imeshika maua, na nukta zimekolea kama mbegu za papai. Mama Leticia alikuwa mbele yake, hakuziona mpaka wakati wa zawadi. Wanawake wa Magu walikuja wanacheza na vitenge na madebe ya mchele, na mmoja wao, bibi mwembamba mwenye fimbo, alimshika bibi harusi mkono ili ampe kuku. Hakumpa. Aliugeuza mkono kwenye mwanga, akaachia kuku, akapiga yowe: "Kabula!" Wenzake wakamzunguka. Msema chochote, yaani MC wa sherehe, akadhani ni wimbo, akaongeza muziki, kuku anakimbia chini ya meza za wakwe. Kisukuma sikukijua sana wakati ule, lakini yule bibi alimgeukia Mama Leticia akasema kwa Kiswahili, ili na wageni wasikie, "Mikono ya Kabula iko hapa. Mwenyewe mmemweka wapi?"

Mjomba mmoja alitumwa na pikapu. Bibi aliingia na kanga ya zambarau na sweta, akakalishwa mbele kabisa, na kabla keki haijakatwa alikuwa ameshafunua. Wanawake wakapiga vigelegele, mchungaji akasoma ratiba kwa makini sana, na mkwe mkubwa, nilimwona kwa macho yangu, alisogeza miwani. Hakuna ndoa iliyovunjika. Lakini Mama Leticia hakuwepo kwenye kiti chake. Nilimkuta nyuma, kwenye mafiga ya pilau, amesimama peke yake, amejishika tumbo kwa mikono miwili juu ya gauni lake la kushonesha. Nikampa maji. "Tumbo linauma, mama?"

"Haliumi."

"Pole, mama."

"Rudi ndani, Perusi. Watu wanataka soda."

Nilijua atanifukuza. Asubuhi yake alikuja chumbani mapema, nimeshainjika maji ya kuoga, akachukua beseni mikononi mwangu. "Kuanzia leo mama namwogesha mwenyewe." Ilikuwa hivyo tu. Godoro langu likabaki, sahani ya Jumapili ikaja kama kawaida, ila wakati wa kuoga nilitoka nje na mlango ukafungwa. Niliumia. Nilifikiri ananiadhibu kwa kuninyang'anya kazi yangu ya mkono. Siku nyingine nilifikiri anaficha lile tumbo lisinipe mchoro mwingine. Nilisikia maji yakimwagika na Bibi akiongea Kisukuma taratibu, na mara moja nilisikia Mama Leticia anacheka, kicheko chembamba cha msichana ambacho sikuwahi kukisikia sebuleni. Mama Shani alisema, "Waache. Wana mambo yao." Mwisho wa mwaka niliolewa, nikaenda Ukerewe, na Bibi Kabula alifariki nikiwa huko.

Sasa niliyoyaona. Nilipigiwa simu kwamba Mama Leticia amekufa, na aliyenipigia akaongeza kwamba marehemu alipokuwa kitandani aliagiza: kwenye kuoshwa, Perusi awepo. Nilishangaa. Tulikuwa tunasalimiana kwa simu Krismasi na Pasaka, basi. Nilivuka na feri ya asubuhi. Tulipomfunua, wale wenzangu wawili, wanawake wa kwaya, waligeuza macho pembeni kwa adabu, na mimi nikasimamisha kitambaa kama nilivyosimamisha siku ile na mama yake. Kutoka kitovuni safu ya kushoto ilipanda mpaka chini ya titi, ikapinda, pembe nzima. Ya kulia ilianza vizuri, nukta zinafuatana, halafu ikaishia njiani. Baada ya hapo ngozi tupu. Katikati hapakuwa na fungu. Nilimwosha pale polepole kuliko kwingine. Nikafunga shuka.

Toka hapo naugeuza mwaka ule juu chini. Alipoishika mikono ya Leticia na kusema karoti, alikuwa anaona tumbo lake mwenyewe, haiwezekani hakuitambua nakshi ile. Basi aliikubali, kwa sababu alidhani itafifia? Au aliikubali tu? Aliposema yeye anajua watu wanasema nini, alikuwa hamsemi mama yake. Lakini kwa nini safu iliishia pale? Labda kanisa lilifika Magu siku ileile. Labda baba yake alikataa. Labda yeye ndiye aliyekimbilia mtoni, ingawa yule wa Bibi alikuwa mwoga wa zamani zaidi. Na kwa nini aliniita mimi? Kama alitaka nijue ninyamaze, mbona wale wengine wangenyamaza bila mimi? Kama alitaka nimwambie binti yake, mbona hakumwambia mwenyewe, alikuwa na kinywa na alikuwa na simu? Nilimlaumu kwa miaka kwa kumwonea mama yake haya, na sasa sijui hata kama "haya" ndilo neno lenyewe.

"Chora basi," Leticia alisema pale mezani. "Umelala?"

Nikachora. Nilianzia kwenye kifundo, nikaipandisha safu ya kushoto mpaka ikapinda. Nikaanza ya kulia. Nilipofika mahali pale niliondoa kalamu, nikaifunika kifuniko chake, nikaiweka chini.

Leticia aliinama juu ya mkono. "Mbona huku hujamaliza? Na katikati?"

"Nimechora nilivyoona."

"Ya Bibi ilikuwa pande zote. Hilo sasa nalikumbuka, Perusi. Ilikuwa na pembe mbili."

Nje mtu aliangusha sufuria na wenzake wakamcheka. Leticia aliangalia mkono wake, akaniangalia mimi, akarudi kwenye mkono. Aliweka kidole pale safu ilipokatika, akakiacha hapo. Kisha akashusha mkono wa blauzi taratibu, asiufute wino, akafunga kifungo. "Haya," alisema. "Twende tukawasaidie vyombo."

Nilirudi Ukerewe sijui kama nimesema au nimenyamaza. Wiki ileile alinitumia picha kwenye simu. Ngozi imevimba na kuwa nyekundu, nukta nyeusi za mashine zimepangika sawasawa: pembe moja nzima, na safu moja iliyoishia njiani, hajaongeza hata moja. Chini yake aliandika: "Inauma sana, mdogo wangu. Nilipofika hapo nilimwambia kijana basi. Nadhani Mama naye alisema basi."

Inawezekana. Ni sababu kama nyingine, na ndiyo pekee ambayo mimi sikuwahi kuifikiria. Nilimjibu nikamwambia apake mafuta, asikwangue.